Jiwe la Tatu ni la Mjomba

Hapana, sikilizeni, na msikilize vizuri kwa sababu sirejei: Mjomba wangu hajachonga makalio. Hajachonga ya mwanamme, hajachonga ya mwanamke, hajachonga ya punda. Yale makalio yako pale kwenye ukuta wa kanisa miaka mia nane, vitabu vyengine vinasema tisa, na Mjomba hata sitini hajatimiza. Kayachonga saa ngapi?

Nilikuwa nayasema haya na kisu mkononi. Msishtuke, nilikuwa namenya viazi. Ilikuwa jikoni kwa watu, Edmonton ya London, mchana wa kuamkia arusi, wanawake kumi na moja na sufuria la biriani ambalo ungeweza kumwogeshea mtoto. Mmoja wao ni jirani yetu, ukuta wake ndo ukuta wetu, anatusikia mpaka tunavyokohoa. Akasema bila ya kunyanyua macho kwenye vitunguu vyake:

"Lakini picha si ipo? Maalim wa madrasa kaiona kwa macho yake."

"Ipo. Nimeipiga mimi."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi hapo tena, mwanangu. Picha haina ulimi wa kusingizia mtu."

Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Akinikanyaga mara moja maana yake punguza sauti. Mara mbili maana yake nenda ukatizame wali. Alinikanyaga mara tatu, na hiyo hata mimi sikuwa naijua.

Ingekuwa maneno tu, ningewaachia wakapikia. Lakini palikuwa na mlango. Madrasa yetu ilikuwa imepata jengo lake, lililokuwa duka la mazulia, mbele lina shata la chuma linalokwama katikati mpaka watoto wapite wameinama kama wanaingia kwenye banda la kuku. Kamati ikakaa, ikasema tuweke mlango wa nakshi, wa mbao, kama wa kwetu. Nani atachonga? Ukimtafuta London nzima yuko mmoja, Mjomba. Na Mjomba tangu aondoke Unguja alikuwa hajachonga mlango hata mmoja. Alikuwa keshauchora kwenye karatasi la kubandikia ukutani, roli zima, kalibandika sebuleni kwetu limezunguka kuta tatu na limepita juu ya televisheni. Halafu Maalim akaiona picha. Wiki tatu kimya. Kisha tukasikia kamati inatafuta mlango wa aluminiamu.

Mjomba alilibandua lile karatasi, akalikunja, akalitia chini ya kitanda, akaniuliza kama kuna chai.

Sasa mnaona kwa nini nilikuwa nimeshika kisu vile.

Mjomba ni kaka wa Mama. Unguja alikuwa akichonga milango na babake, mpaka Mapinduzi yakaja na watu waliokuwa wakiagiza milango wakawa hawapo, wengine wamekimbia, wengine sitaki kusema. Yeye akaja London na patasi saba zimefungwa ndani ya taulo. London hakuna aliyetaka mlango. Watu wanakaa nyumba za kaunsili, mlango umekuja na nyumba, ukiupaka hata rangi wanakuandikia barua. Akapata kazi ya kufagia kwenye karakana ya mawe, huko huko Edmonton nyuma ya maghala. Ile karakana inatengeneza mawe ya majengo ya zamani: madirisha ya makanisa, nguzo, vizingiti vilivyolika. Akafagia mwaka mzima huku anatizama. Siku moja wenzake wanakula, akaokota kipande cha jiwe kilichotupwa, akachonga yungiyungi. Mkubwa wa karakana, Mwingereza mnene asiyecheka, akaliokota, akaligeuza, akaligeuza tena, akamnyang'anya fagio.

Jiwe, anasema Mjomba, ni mbao iliyokasirika.

Na usiniulize kwa nini Muislamu anafanya kazi za makanisa. Keshaulizwa hayo na watu ambao wenyewe maduka yao yana rafu nzima ya pombe, Kenton huko. Yeye huwajibu kwa upole, mimi sina upole. "Watu wana nyumba yao ya kumwombea Mungu, inavuja," huwaambia, "mimi nnajua kuziba, niwaache warowe?" Lakini ana sharti lake moja. Atakuchongea majani, zabibu, kamba, mnyororo, mawimbi. Uso hachongi. "Siku ya Kiama ntaambiwa haya, kitie roho," anasema, "na mimi roho nnayo moja, na hiyo yenyewe mbovu." Kwa hivyo miaka yote hiyo nyuso walipewa wenzake, yeye wakambatiza jina la Bwana Majani, na akaitika.

Mimi skuli niliiacha mapema, au iliniacha yenyewe, tulisaidiana. Nikawa naendesha vani ya kampuni inayofua mashuka ya mahoteli. Lakini kusoma sikuacha, na nnavyosoma mimi hakuna mwalimu wa kuniambia basi, funga kitabu. Maktaba ya pale Edmonton ilikuwa na kitabu kikubwa cha picha, makanisa ya vijijini Ufaransa, makanisa ya zamani za zamani. Nilikifungua kumtafutia Mjomba majani ya mzabibu. Nikakuta nguruwe anapiga kinubi.

Nikakaa kitako.

Ni makanisa madogo, mengine hayafiki hata ukubwa wa lile duka la mazulia. Mlangoni kumechongwa mambo ya dini: malaika wameshika mizani, mitume wamejipanga kama wanasubiri basi. Zunguka nyuma sasa, nyanyua kichwa. Chini ya ukingo wa paa kuna safu ya mawe yanatokeza nje, kila moja kama ngumi ya jitu. Kazi yao kuubeba ule ukingo, na kila jiwe limechongwa kitu chake. Mtu anajivuta mdomo kwa vidole viwili. Mbwa anajila mkia. Mwanamme na mwanamke wanabusiana mpaka pua zimelika. Na ndiyo, yuko aliyeinama akawaonesha walimwengu alichonacho nyuma. Tena si kanisa moja. Nilihesabu matano kwenye kitabu kile kile, mkutubi ananitizama kwa nini nacheka.

Kwa nini walichonga vile, vitabu havielewani. Kimoja kinasema ni maonyo, mtu aone dhambi aogope. Chengine kinasema ni kuwafukuza mashetani. Mimi nasema hivi: fundi kashinda mchana kutwa anachonga mitume, na padri kamsimamia begani, mkono huu ushushe, ndevu ziongeze, mbona huyu kama anacheka. Sasa kule nyuma juu ya ngazi padri hapandi, ana kizunguzungu. Kule fundi yuko peke yake na tindo lake. Mjomba nilipomsomea alifurahi mpaka chai ikammwagikia. "Na sisi ndo vile vile," akasema. "Mwenye nyumba anatizama mlango kwa mbele tu." Nikamuuliza nyuma walikuwa wakichonga nini. Akasema nenda kalale.

Basi kanisa moja la aina hiyo likaangusha jiwe lake moja, likavunjika vipande vipande, hakuna aliyejua lilikuwa na nini. Mkubwa wa karakana alikuwa na jamaa yake kahamia kijiji hicho kulima zabibu, na kwa kujisifu tu akaahidi kuwapelekea jipya. Barua ikaja na vipimo na maneno matatu: kichwa cha mtu. Fundi wa nyuso alikuwa kavunjika mkono kwenye mpira. Akabaki Bwana Majani.

"Uso wowote," mkubwa akamwambia. "Mchonge hata shemeji yako, sijali."

Mjomba akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, akajifungia na jiwe wiki mbili. Siku ya kupakia, mimi nimeshafika na vani, kwa sababu mkubwa ana mgongo mbovu na Mjomba mtihani wa gari kaufeli mara nne, blanketi likafunuliwa. Mkubwa akatizama. Akalizunguka. Akarudi pale pale alipoanzia.

"Uso uko wapi?"

"Kageuka," akasema Mjomba.

"Kageuka kwenda wapi?"

"Anakwenda zake."

"Na upande wa mbele?"

"Huo ndo unaoingia ukutani."

Ni mwanamme kwa nyuma. Kofia, shingo yenye mikunjo miwili, mabega, na mikono kaifunga mgongoni, dole gumba kalishika na mkono wa pili, vile wazee wanavyotembea baada ya alasiri wakiwa hawana pa kuwahi. Na ile kofia! Kaitoboa vitobo vyake vyote, safu kwa safu, utasema imeshonwa na sindano. Jiwe, jamani. Mkubwa wa karakana akapitisha dole juu ya vile vitobo, polepole, akatukana kwa sauti ya chini, tusi zuri la heshima, akasema tupakie, feri haisubiri.

Safari ntaifupisha. Mjomba alichukua mayai ya kuchemsha kumi na mbili, mkate wa kumimina na chupa mbili za chai, kama Ufaransa hakuna chakula. Niliposhuka kwenye feri nikaanza kuendesha upande wa kulia, akaanza kusoma dua. Alisoma zote anazozijua, zilipokwisha akaanza upya. Kijijini tukapokewa na meya, mkulima kavaa mabuti ya mpira, na mbwa wake. Meya anasema Kifaransa, Mjomba anamjibu Kiswahili kwa sauti kubwa, hakuna aliyemwelewa mwenzake na hakuna aliyetaka msaada wangu.

Likafunuliwa blanketi. Meya akazunguka kutafuta uso. Hakuna. Akamtizama Mjomba. Mjomba akamwoneshea kidole kule juu kwenye safu, kwa yule mwenye makalio, halafu jiwe lake, halafu akafanya ishara ya mkono: mtu kaona yale mambo, kaona haya, kageuka. Nikasema moyoni wakilikataa ntawatukana kwa lugha zote tatu nnazozijua. Yule meya akafunga mikono yake mgongoni, akashika dole gumba, akaanza kutembea mbele ya kanisa na mabuti yake, taratibu, kidevu chini, sawasawa na lile jiwe. Mbwa anamfuata. Mjomba akacheka mpaka akashika ukuta.

Wakalipandisha siku ile ile. Kwenye kamera yangu filamu ilikuwa imebaki picha moja. Nikasubiri jua likae sawa, nikapiga safu nzima, mawe saba: nguruwe na kinubi, pipa, la Mjomba, kondoo, yule bwana wa makalio, mbwa, na kitu ambacho hata vitabu havijui ni nini.

Na picha hiyo ndo niliyoipeleka mimi, kwa mkono wangu. Kamati ilitaka kuona kazi ya Mjomba, haki yao. Nyuma ya picha nikaandika kwa kalamu: La tatu ndo la Mjomba. Nikaitia kwenye bahasha bila ya kumwonesha Mjomba, nikaisukuma chini ya mlango wa Maalim asubuhi nikiwa nachelewa kazini. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana. Njia nzima naimba.

Sasa turudi jikoni. Jirani kasema picha haina ulimi, Mama kanikanyaga mara tatu, mimi nikatua kisu nikatoka na kanga yangu ya viazi kiunoni moja kwa moja mpaka duka la mazulia. Nikapita chini ya shata nimeinama. Watoto wako mikekani na misahafu yao, na Maalim yuko kwenye meza. Maalim ni mtu mrefu, mpole, zamani alikuwa karani wa posta Unguja, anakunja hata karatasi ya chingamu kabla ya kuitupa.

"Maalim, picha iko wapi?"

"Binti, kwanza salamu."

"Asalaam aleikum. Picha iko wapi?"

Akaitoa ndani ya kamusi. Alikuwa kaiweka kifudifudi.

"Nioneshe jiwe la Mjomba wangu."

"Binti, mambo haya mbele ya watoto..."

"Watoto wanasoma. Nioneshe."

Akapumua. Akafumba jicho moja kwa haya, akaweka kidole kwenye picha, ukingoni kabisa mwa mkono wa kulia. Moja, kile kitu kisichojulikana. Mbili, mbwa. Tatu.

Nikabaki nakitizama kile kidole kimekaa kwenye makalio. Nyuma yangu wale watoto wanasoma, kila mmoja kijiti chake cha kufuatia mstari kinaanza kulia kinakwenda kushoto, kinaanza kulia kinakwenda kushoto.

"Maalim," nikasema, "kwa nini umeanzia kulia?"

Akanitizama kwa huruma kidogo, kama mtoto wa chuo aliyeuliza alif ni nini.

"Na watu huanzia wapi?"

Mimi nilikuja London nna miaka minne. Skuli ya Kiingereza, kitabu kinafunguka huku, mstari unaanza kushoto, vani inakwenda kushoto, maisha yanaanza kushoto. Sikuandika ni la tatu kutoka wapi. Haikunipitia hata akilini kwamba kuna kutoka wapi. Na yeye umri wake wote mkono wake wa kulia ndo unaoanza: kula, kuvaa, kuingia mlangoni, kusoma, kuhesabu mawe ya Wafaransa.

Nikachukua kidole chake, Mungu anisamehe, nikakipeleka mwanzo wa upande wa pili. Moja. Mbili. Tatu.

Akavua miwani. Akaenda na picha dirishani.

"Hii kofia."

"Kofia, Maalim."

"Hii kofia ni ya vitobo."

"Ya vitobo."

"Na uso?"

"Hana. Kageuka."

Mabega yake yakaanza kutikisika. "Wanavyuoni wana maneno yao hata juu ya sanamu la mgongo," akasema huku anajifuta macho, "lakini wataningoja, nicheke kwanza." Akacheka mpaka watoto wakanyamaza wote. Kisha akageuza picha, akasoma mwandiko wangu kule nyuma, akanitizama, akairudisha ndani ya kamusi. Mtu wa posta, siri ya barua haitoki kwake.

Kamati ikakaa siku ya pili, aluminiamu ikafa. Mjomba akalitoa karatasi chini ya kitanda. Mimi nikarudi kwa wale wanawake kumi na moja mmoja mmoja, nikawaambia Maalim mwenyewe kakiri hakuona sawa, na nikamtaka kila mmoja aombe radhi. Wakaomba! Jirani alileta sambusa sahani mbili. Nikazila.

Miezi minne, kila Jumamosi na Jumapili pale karakana, wenzake wa mawe wanakuja kumtizama Bwana Majani anavyochonga mbao. Miimo ina mnyororo ambao huwezi kuona unapoanza. Ule mti wa katikati, mfaa wenyewe, una mayungiyungi yanapanda mpaka juu, na hakuna mawili yaliyofanana. Nimekagua. Nimekagua na nyuma, na huko ntanyamaza.

Mlango umekwisha. Umekwisha wiki mbili sasa. Umeegemezwa karakana, umefungwa mablanketi, na hautoki. Maalim alikwenda na wazee wawili wa kamati kuuchukua, mimi nimekuja na vani, Mjomba akawakaribisha chai, halafu akasema hautoki.

"Nimekuja kukuomba radhi," Maalim akamwambia. "Mimi ndo niliyeona vibaya."

"Wewe umeona ulichooneshwa," akasema Mjomba. "Mimi namtaka yule aliyekuonesha makalio akakwambia ndo kazi yangu. Aje hapa, aniambie kwa mdomo wake, yaishe. Siku hiyo hiyo mlango unakwenda. Sina kinyongo, lakini lazima nimjue."

Maalim akarekebisha miwani yake. Akatizama kikombe. Akasema, "Atakuja, inshallah."

Na Mjomba akanimiminia mimi chai ya pili, akaniongeza sukari bila ya kuniuliza, akawaambia wale wazee, "London nzima, aliyesimama upande wangu ni huyu mmoja tu."

Nikainywa. Mpaka leo watoto wanapita wameinama chini ya shata. Kila siku jioni nampitia Mjomba kazini, namrudisha nyumbani na vani, dakika kumi na tano tuko wawili tu, na mdomo huu uliogombana na jiko zima unakuwa kama umetiwa gundi. Ningekuwa nimekosea kwa ubaya ingekuwa rahisi. Haya, wewe unaenisoma na kunicheka: ungemwambia?